Miezi Minane ya Kusafisha Tumbo Lisilokuwa Chafu

Jambo ninaloliandika hapa ni la chooni, na wengi wetu tumelelewa tusilizungumze mbele za watu. Mimi pia nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kuliniongezea maumivu na gharama, kwa hiyo nitayataja mambo kwa majina yake.

Nilihamia Dar es Salaam mwaka 2018 kutoka Muheza, baada ya kupata kazi ya uhasibu katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha karibu na bandari. Tulipanga nyumba Kibamba, na ili nifike kazini saa moja na nusu nililazimika kutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nipande daladala hadi Kimara, kisha nipange foleni ya mwendokasi. Kule Muheza nilizoea kujisaidia kila asubuhi baada ya chai, yapata saa moja, bila hata kulifikiria jambo lenyewe. Huku saa moja ilinikuta nimesimama ndani ya basi, nimebanwa kati ya mabegi na viwiko vya watu, na haja ilipokuja sikuwa na njia nyingine isipokuwa kuibana mpaka ipite.

Ofisini hali haikuwa bora. Choo kilikuwa kimoja kwa watu kumi na wanne, mlango wake uko nyuma kidogo ya meza ya mapokezi, na ufunguo wake ulifungwa kwenye kipande cha ubao chenye urefu wa mkono ili mtu asiondoke nao kwa kusahau. Kuuchukua ubao ule ilikuwa sawa na kutangaza. Wateja waliokuwa wakisubiri nyaraka zao walikaa kwenye benchi mkabala na mlango, na mtu aliyechelewa kutoka walimpokea kwa macho. Haja ndogo niliimudu. Haja kubwa niliiahirisha mpaka jioni, na jioni nilipofika nyumbani saa mbili usiku haikuwapo tena. Nikajifunza pia kutokunywa maji asubuhi, kwa sababu kibofu kilichojaa ndani ya foleni ya Barabara ya Morogoro ni adhabu.

Chakula nacho kilibadilika bila mimi kuamua. Saa nne nilikula chapati mbili na chai ya maziwa, mchana chipsi mayai au wali wenye maharage ya kuhesabu, na usiku ugali wa sembe, samaki na mchicha kidogo pembeni. Matunda yalikuwa ya siku za mshahara. Ndani ya mwaka mmoja nikawa napata choo mara mbili kwa wiki, tena vijipande vikavu kama kinyesi cha mbuzi, na baada ya kutoka nilibaki nikihisi kwamba sijamaliza. Tumbo lilijaa gesi, sketi zangu za kazini zikawa hazifungi ikifika jioni, na hamu ya kula ikapungua. Mume wangu alidhani nina mimba.

Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba si lazima mtu apate choo kila siku, na kwamba kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki huhesabiwa kuwa ni kawaida, mradi choo kiwe laini na kisimtese mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshavuka mpaka huo, ila sikuwa mbali nao. Hapo ndipo ingefaa nijiulize nimebadilisha nini maishani. Badala yake, mwezi Julai 2020, nikanunua kopo.

Aliyeniuzia alikuwa na meza ndogo na kipaza sauti karibu na kituo cha mabasi. Alieleza kwa ufasaha kwamba kila mmoja wetu amebeba uchafu ulioganda kwenye kuta za utumbo kwa miaka, na kwamba uchafu huo ndio unaoleta gesi, chunusi, uchovu, maumivu ya mgongo na hata mikosi katika ndoa. Kopo lilikuwa la plastiki, lina picha ya majani mabichi na maneno kwamba ni dawa asilia kwa asilimia mia moja. Halikuwa na orodha ya vilivyomo wala tarehe ya kuisha muda wake. Bei ilikuwa shilingi 25,000, nami, mtu anayelipwa kwa kukagua ankara za watu, sikuuliza hata risiti.

Usiku ule nilikoroga kijiko kimoja cha unga katika maji ya moto, nikanywa saa mbili. Saa kumi alfajiri niliamshwa na tumbo lililokuwa likisokota, nikakimbilia chooni, nikatoka nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Niliamini papo hapo. Nilimwambia mdogo wangu, nikawaambia wenzangu wawili wa ofisini, na mmoja wao akanunua.

Mtego wa dawa za namna hii nimeuelewa baada ya muda mrefu, na ningependa msomaji auelewe kabla hajaingia. Utumbo mpana ukishakamuliwa wote kwa usiku mmoja, unahitaji siku mbili au tatu kujaa tena kiasi cha kuleta haja. Siku hizo za ukimya ni za kawaida kabisa. Mimi nilizitafsiri kuwa ugonjwa umerudi, nikakoroga kijiko kingine, tumbo likakamuliwa tena, na ukimya ukafuata tena. Nilianza na mara moja kwa wiki. Kufikia Oktoba nilikuwa nikinywa usiku mmoja na kupumzika mmoja, na kijiko kimoja kimekuwa viwili. Kopo lililokuwa likinitosha mwezi mzima likawa linaisha ndani ya wiki mbili.

Misuli ya miguu ilianza kunikaza usiku. Ngazi za ofisini, ambazo ni za ghorofa mbili tu, zikawa zinaniacha nikihema, na mara kadhaa nilihisi moyo unaruka pigo kisha unapiga mawili kwa haraka. Nilimrudia muuzaji, naye akanihakikishia kwamba hiyo ni sumu inayotoka mwilini, na kwamba dalili zikizidi ndipo dawa inapofanya kazi. Jibu hilo halimwachii mgonjwa mlango wa kutokea: akipata nafuu dawa ni nzuri, akizidiwa dawa ni nzuri zaidi.

Mwezi Novemba nikaona damu. Ilikuwa nyekundu, michirizi juu ya choo na matone kwenye karatasi, na maumivu yake yalikuwa kama ya kupitishwa wembe, yakiendelea kuchoma kwa saa nzima baada ya kutoka chooni. Kuanzia hapo nikaogopa choo chenyewe. Niliibana haja hata nikiwa nyumbani, ikazidi kukauka, na ikitoka inachana upya palipoanza kufunga. Sikumwambia mume wangu. Nilikwenda duka la dawa la mtaa wa pili ili nisionwe na wanaonifahamu, nikanong'ona kwamba nina bawasiri, nikauziwa mirija ya dawa ya kupaka na vidonge. Hakuna aliyenipima; ugonjwa niliutaja mwenyewe na dawa nikachagua mwenyewe.

Januari nilijaribu kituo cha afya. Nilipotaja tumbo kujaa na kukosa hamu ya kula niliambiwa nina vidonda vya tumbo, nikaandikiwa dawa za majuma mawili bila kipimo chochote. Simlaumu sana aliyenihudumia, kwa sababu damu sikumtajia. Niliona haya, alikuwa kijana wa umri wa mdogo wangu. Hata hivyo, yeyote anayeambiwa ana vidonda vya tumbo aulize kama amepimwa. Vingi kati ya vidonda hivyo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ugunduzi wake uliwapatia Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na siku hizi anaweza kutafutwa kwa kipimo cha choo au cha pumzi. Vingine huletwa na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinazomezwa kiholela. Kumeza antibiotiki kwa majuma mawili kwa ugonjwa wa kukisia ni kujitesa bure, na mimi zilinivuruga tumbo kuliko nilivyokuwa.

Mwezi Machi 2021 nilizimia kidogo kwenye ngazi za ofisini. Mume wangu akaitwa, na siri yangu ikaishia hapo.

Hospitalini nilikutana na daktari wa makamo aliyeweka kalamu chini kabla hajaanza kuuliza. Aliuliza nakula nini, nakunywa maji kiasi gani, nakwenda chooni saa ngapi na wapi. Akauliza ninatumia dawa gani. Nikajibu hakuna.

"Hata za mitishamba, mama? Hata ya kusafisha tumbo?"

Nikanyamaza. Kwa kweli sikuwa nikidanganya. Unga ule sikuwahi kuuhesabu kuwa dawa. Kwangu dawa ni kidonge, na lile kopo lilikuwa kitu cha asili, kama tangawizi. Siku iliyofuata nililipeleka. Alilifungua, akanusa, akamimina kidogo kwenye karatasi na kuniwekea kijani kile cha majani makavu mbele ya macho. "Hapa ndani kuna sanamaki," alisema. "Kuna nini kingine, wala mimi wala wewe hatujui."

Sanamaki ni jani linalojulikana tangu kale, na hata madaktari huitumia, kwa kipimo maalumu na kwa siku chache. Huusukuma utumbo mpana ujikamue, na kazi yake huonekana baada ya saa sita hadi kumi na mbili, ndiyo maana mimi niliyekunywa saa mbili usiku niliamka saa kumi. Ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu humfanya mtu apoteze maji na madini, hasa potasiamu. Kiwango cha kawaida cha potasiamu katika damu huanzia milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Changu kilisomeka 3.0. Moyo nao ni msuli, na msuli uliopungukiwa potasiamu hukosea mapigo. Zile pigo zilizokuwa zikiruka hazikuwa sumu inayotoka. Zilitokana na kitu ambacho mwili wangu ulikihitaji na mimi nilikuwa nikikimwaga chooni.

Neno "asilia" lilikuwa limenipumbaza. Shubiri ni mmea, na utomvu wake wa manjano huendesha vikali. Mafuta ya mbarika hutoka kwenye mbegu, na haluli waliyotunywesha bibi zetu kabla ya kufungua shule ni chumvi ya ardhini. Vyote ni vya asili na vyote vina nguvu, na chenye nguvu kina kipimo. Tangu siku hiyo, nikiulizwa na mhudumu wa afya natumia nini, nataja kila kinachopita kooni mwangu, pamoja na chai za majani.

Baada ya mazungumzo nilipimwa. Nitalisema wazi kwa sababu woga wa kipimo hiki ndio uliokuwa umenifunga: unalala ubavu, magoti yamekunjwa, muuguzi wa kike yupo, daktari anatazama na kupapasa kwa kidole chenye glavu, na yote huisha kabla ya dakika mbili. Dakika mbili hizo nilizikwepa kwa miezi minne. Jibu likawa kwamba sina bawasiri kabisa. Nilikuwa na mpasuko kwenye ngozi ya njia ya haja kubwa, uliotokana na choo kigumu, na mirija niliyoinunua ilikuwa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Nilipewa vidonge vya potasiamu, dawa ya kupaka, sharubati ya laktulosi ambayo hailazimishi utumbo kujikamua bali huvuta maji yaingie kwenye choo na kukilainisha, na maelekezo ya kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi hadi kumi na tano kila nitokapo chooni. Hilo la beseni nililidharau kwa kuwa halina bei. Ndilo lililonipa usingizi wiki ya kwanza.

Kwa desturi ya kazi yangu nilikaa siku moja nikapiga hesabu. Makopo ya unga kwa miezi minane yalinigharimu shilingi 300,000. Mirija na vidonge vya kujichagulia vilikuwa 86,000, dawa za vidonda vya tumbo nisivyokuwa navyo 64,000, vipimo na dawa za hospitali ambazo bima haikulipa 210,000, na nauli za kwenda na kurudi hospitalini 45,000. Jumla ni shilingi 705,000, mbali na siku tisa ambazo sikwenda kazini. Upande wa pili wa daftari niliandika vitu vilivyonisaidia kwa kudumu: kigoda shilingi 7,000, chupa ya maji 12,000, na nakala ya ufunguo 3,000.

Ufunguo huo ndio ulikuwa mgumu kuliko vyote. Daktari alinieleza kwamba chakula kinapoingia tumboni asubuhi, utumbo mpana huamka na kusukuma vilivyomo, na wimbi hilo likija mara nyingi bila kuitikiwa, mwili huzoea kulinyamazia. Wakati huohuo choo kilichobaki ndani kinaendelea kunyonywa maji, kwa kuwa kunyonya maji ndiyo kazi ya utumbo mpana, haujui kwamba wewe uko kwenye foleni ya mwendokasi. Kumbe dawa ya kwanza ilikuwa nafasi: dakika kumi na tano, sehemu yenye mlango. Nilimfuata dada wa mapokezi baada ya saa za kazi, nikamweleza ukweli kwa sauti ya chini, nikiwa nimejiandaa kwa kicheko. Alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba yeye mwenyewe huwa anavuka barabara kwenda kujisaidia kwenye mgahawa wa jirani kwa sababu ya lile benchi. Tulichonga funguo mbili, na baada ya wiki benchi likahamishiwa upande wa dirishani, kwa kisingizio cha mwanga.

Nyumbani nilianza kuamka saa kumi na robo. Ninakunywa maji ya uvuguvugu glasi moja, kisha uji wa ulezi, halafu ninakwenda chooni haja iwe imekuja au haijaja, nakaa dakika kumi bila simu na bila kujikamua. Majuma mawili ya kwanza nilikaa bure. Wiki ya tatu mwili ukaelewa. Kigoda naweka chini ya miguu ili magoti yapande juu ya kiuno, kwa sababu kuna msuli unaoizunguka njia ya haja kama kitanzi na kuipinda, nao hulegea vizuri mtu anapochuchumaa. Vyoo vya shimo vya kwetu vilitufanyia kazi hiyo bila kutueleza.

Kwenye chakula nilikosea tena, safari hii kwa pupa. Niliposikia kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapi mlo, yaani nyuzinyuzi za vyakula, kwa siku, niliyataka yote siku hiyohiyo: dona mchana, maharage usiku, na pumba za ngano nikanyunyiza kwenye uji. Maji nikabaki kunywa vilevile glasi tatu. Tumbo lilivimba kama ngoma iliyowambwa, na katika kikao cha wakala na wateja nililazimika kutoka mara tatu. Makapi mlo bila maji ni sawa na saruji isiyokorogwa. Yanapaswa kuongezwa kidogokidogo, kitu kimoja kwa wiki, na maji yapande pamoja nayo mpaka mkojo uwe na rangi ya manjano hafifu. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe kabla ya kuchemsha, kwa kuwa sehemu ya sukari zinazoleta gesi huondoka na maji hayo. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10 za makapi mlo, kwa hiyo hakuna haja ya kununua unga wa kopo kuyatafuta.

Siku chache za mapumziko nilizimalizia Muheza kwa shangazi yangu. Aliponiona nimekonda alipokea shikamoo yangu akiwa ameshika kiuno.

"Marahaba, mwanangu. Kwani huko Dar watu hawaendi kujisaidia?"

Hakuwa na dawa ya kunipa. Alipika alichokuwa akipika siku zote: makande, mchunga uliotiwa nazi, mlenda, kunde, ugali wa dona uliosagwa kwenye mashine ya jirani, na papai baada ya chakula kwa kuwa lilikuwa linaiva uani na ndege wanaliwahi. Siku ya nne nilipata choo laini bila dawa yoyote, mara ya kwanza ndani ya mwaka.

Baadaye nilisoma habari za Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960 na ambaye aina moja ya saratani imepewa jina lake. Katika miaka ya 1970, yeye pamoja na Hugh Trowell, ambaye naye alikuwa ametibu Uganda kwa miaka mingi, waliwaeleza Wazungu kwamba wanavijiji wa Afrika wanaokula vyakula visivyokobolewa wanapata choo kingi, laini na cha haraka, na kwamba kufunga choo ni nadra kwao. Si kila alichokidai kuhusu magonjwa mengine kimesimama, lakini ushauri wa kula makapi mlo zaidi ulienea duniani kutokana na sahani kama ile ya shangazi, wakati sisi tunahamia kwenye sembe na kuiona ndiyo maendeleo.

Kuhusu dona nina tahadhari moja. Sumukuvu, yaani sumu ya fangasi wanaoota kwenye nafaka, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hupatikana zaidi kwenye punje zilizovunda, zilizopasuka na kwenye maganda ya nje. Anayekula dona anakula punje yote, kwa hiyo ninachambua mahindi mwenyewe kabla ya kuyapeleka mashineni, punje nyeusi na zilizotobolewa natupa, wala siwapi kuku.

Ramadhani ya mwaka huo iliingia katikati ya Aprili, mwezi mmoja tu baada ya matibabu, nami niliihofia kwa sababu kila mwaka ndipo ninapofunga choo zaidi. Daktari aliniruhusu kufunga baada ya potasiamu kurejea kiwango chake. Nilichobadilisha ni futari. Zamani nilianza na sambusa, kalimati na chai ya tangawizi, nikalala. Sasa nilifuturu kwa tende tatu na maji, kisha uji, nikaswali, ndipo nikala magimbi au viazi vitamu na mboga za majani, na chupa yangu ya lita moja niliimaliza kati ya tarawehe na daku kwa mafunda madogomadogo. Daku sikuiruka hata siku moja.

Mpasuko ulichukua wiki saba kupona. Umerudi mara moja, mwaka 2023, baada ya safari ya kikazi ya siku tano Dodoma nilikokula chipsi na kuku wa hotelini mchana na usiku na kurudia tabia ya kubana. Nilirudi kwenye beseni siku ileile, sharubati ikafuata, na ndani ya siku kumi nikawa mzima. Mambo mengine niliyosikia yakisifiwa, kama maji ya limau asubuhi, sikuona tofauti yake na maji matupu, ingawa ladha yake naipenda. Mtindi unanifaa kuliko maziwa mabichi, ambayo hunijaza gesi, kama inavyowatokea watu wazima wengi wa kwetu.

Sijawahi tena kumwelekeza mtu kwenye dawa, na yule mwenzangu wa ofisini niliyemshawishi kununua kopo nilimwomba radhi. Ila watu wanaendelea kuniuliza. Wiki iliyopita baba mdogo alipiga simu kutoka Korogwe akitaka jina la ule unga aliosikia kwamba ulinisaidia. Ana miaka 58. Choo kilianza kufunga ghafla miezi minne iliyopita, ingawa dona na mchunga hajawahi kuviacha, na mara nyingine kinatoka chembamba na cheusi. Nilimuuliza kama amepungua. Akasema hajapima, ila mkanda ameutoboa tundu jipya, na baada ya Idi akatoboa la pili.

Sikumtajia papai wala tende. Kupungua bila sababu, choo cheusi au chenye damu, na mabadiliko ya ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 50 si mambo ya kutibiwa jikoni. Nimemchukulia nafasi hospitalini Jumanne, anafika kwa basi Jumatatu jioni, na nimemwambia afungashe kila anachotumia, hata kile ambacho yeye hakihesabu kuwa dawa.